Nyaraka za API zijichapishe zenyewe: GitHub Pages, Read the Docs, au seva yenu?

Tuseme mna maktaba ndogo ya Python iitwayo `bamvua`, inayokokotoa kujaa na kupwa kwa maji kwenye fukwe za Unguja na Pemba. Funksheni yake kuu, `kina_cha_maji`, ilikuwa ikirudisha sentimita. Toleo la 2.0 limeibadilisha, sasa inarudisha mita. Nyaraka za API zilizoko mtandaoni, yaani maelezo ya jinsi ya kuziita funksheni hizo na zinachorudisha, bado zinasema sentimita.

Kijana wa Makunduchi anayetengeneza programu ya simu kwa wakulima wa mwani anasoma nyaraka hizo, anaita funksheni, anapata 3.8. Kwa alichosoma, hizo ni sentimita chache tu: maji yamekupwa, mkulima ashuke akatazame mwani wake. Kumbe ni mita 3.8, bahari imejaa. Na kama nyaraka hazikusema kuwa saa ni za UTC, si za Afrika Mashariki, anakosea saa tatu zaidi. Maji hutumia kiasi cha saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo saa tatu ni nusu ya safari.

Msimbo hauna ila. Nyaraka ndizo zilizobaki nyuma, na zilibaki nyuma kwa sababu kuna mtu alitakiwa kukumbuka kuzijenga na kuzipandisha. Njia zote zinazolinganishwa hapa zinaondoa kazi hiyo mikononi mwa mtu: msimbo ukishaunganishwa kwenye tawi kuu, nyaraka hujengwa na kuchapishwa bila kuguswa. Zinatofautiana katika matoleo ya zamani, katika kusoma bila intaneti, na katika nani anabaki na kazi pale kitu kikiharibika.

Kwanza, tazama kama lugha yenu imeshakumalizieni kazi

Kwa Rust, kila toleo linalopelekwa crates.io hujengewa nyaraka na docs.rs bila kuomba. Jambo la kuchunga ni kwamba ujenzi wa huko hauna intaneti, kwa hiyo hati ya `build.rs` inayopakua faili wakati wa kujenga itaanguka, hata kama kwenye kompyuta yako inakwenda vizuri. Kwa Go, pkg.go.dev husoma lebo ya toleo (tag) kwenye hazina yenu ya msimbo (repository). Wengi hukwama kwa jambo dogo: kama hazina haina faili la leseni linalotambulika, ukurasa unafunguka lakini nyaraka hazionyeshwi. Kwa Java, ukipandisha Maven Central pamoja na faili la `-javadoc.jar`, javadoc.io hulifungua na kulionyesha lenyewe.

Mradi wenu ukiwa kwenye lugha hizo, na nyaraka zenu ni za funksheni na aina tu, hapana haja ya kujenga mtambo mwingine. Haya yanayofuata yanawahusu khasa watu wa Python, C na C++, na wale wenye API ya HTTP. Hao wa mwisho wakiwa na faili la OpenAPI, yaani maelezo ya API yanayosomeka na mashine, amri moja ya `npx @redocly/cli build-docs openapi.yaml` hutoa ukurasa mmoja wa HTML, na ukurasa huo unaweza kupita njia yoyote kati ya hizi.

GitHub Pages pamoja na Actions

Hii ndiyo njia fupi zaidi kama msimbo wenu tayari uko GitHub: Actions hujenga nyaraka, Pages huzionyesha mtandaoni. Kwa hazina za wazi, mashine za kawaida za Actions hazitozwi. Faili hili, linalotumia Sphinx, kifaa cha kujenga nyaraka za Python, linatiwa `.github/workflows/nyaraka.yml`:

```yaml
name: nyaraka
on:
  push:
    branches: [main]
  workflow_dispatch:
permissions:
  contents: read
  pages: write
  id-token: write
concurrency:
  group: pages
  cancel-in-progress: false
jobs:
  chapisha:
    runs-on: ubuntu-latest
    environment:
      name: github-pages
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
        with:
          fetch-depth: 0
      - uses: actions/setup-python@v5
        with:
          python-version: "3.12"
      - run: pip install . -r docs/requirements.txt
      - run: sphinx-build -W --keep-going -b html docs _tovuti
      - uses: actions/upload-pages-artifact@v3
        with:
          path: _tovuti
      - uses: actions/deploy-pages@v4
```

Kisha kwenye mipangilio ya hazina, sehemu ya Pages, chanzo kibadilishwe kiwe GitHub Actions. Ukisahau hatua hiyo, ujenzi wote utapita salama na hatua ya mwisho itaanguka kwa kosa la 404. Watu hupoteza saa nzima wakipekua faili la YAML, na faili halina kosa.

`fetch-depth: 0` ina sababu yake. Kwa kawaida `checkout` huchukua komiti moja tu, bila historia wala lebo. Kama namba ya toleo hupatikana kutoka kwenye lebo za git, kwa mfano kupitia `setuptools_scm`, nyaraka zitajitangaza kuwa ni za toleo la 0.1 la majaribio hali ya kuwa mko 2.0.

`-W` hugeuza kila onyo kuwa kosa. Kiungo kinachoelekea kwenye ukurasa uliofutwa ni onyo tu kwa Sphinx. Bila `-W` ukurasa wenye kiungo kilichokufa utachapishwa na hakuna atakayejua. Kwenye Sphinx za kabla ya 8.1, `--keep-going` huifanya iendelee mpaka mwisho ionyeshe maonyo yote kwa pamoja, badala ya kusimama kwenye la kwanza; tangu 8.1 hiyo ndiyo tabia yake ya kawaida.

Kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Ili kupunguza ujenzi, mtu huongeza sharti kwamba kazi ianze tu folda ya `docs/` ikibadilika. Inaonekana ni busara. Lakini maelezo ya API yanaishi ndani ya msimbo wenyewe, kwenye dokstringi zilizo chini ya kila funksheni. Ukibadilisha sentimita kuwa mita ndani ya `src/`, folda ya `docs/` haikuguswa, ujenzi hauanzi, na mmerudi palepale pa Makunduchi. Kama lazima kuwe na sharti la folda, zitajwe zote mbili.

Wanaotumia mtindo wa zamani wa kusukuma kurasa kwenye tawi la `gh-pages` watie faili tupu la `.nojekyll` kwenye mzizi. Bila faili hilo GitHub hupitisha kurasa kwenye Jekyll, kifaa cha kujenga tovuti, na Jekyll huruka folda zinazoanza na alama ya mstari chini. Sphinx hutia rangi na mitindo yake kwenye `_static`. Matokeo yake ni ukurasa mweupe wenye maandishi yaliyosambaratika. Kwa mtindo wa YAML ulio hapo juu Jekyll haihusiki.

Udhaifu mkubwa wa Pages ni matoleo. Kila uchapishaji hufuta tovuti iliyotangulia na kutia mpya. Mtu aliyebaki na `bamvua` 1.4 kwa sababu programu yake haijakaguliwa upya hana pa kusoma. MkDocs, kifaa kingine cha kujenga nyaraka, ina nyongeza iitwayo `mike` inayopanga matoleo ndani ya tawi la `gh-pages`, nayo inafanya kazi vizuri, lakini sasa ni nyinyi mnaotunza rundo hilo. Tovuti ya Pages haitakiwi kuzidi GB 1, na upitishaji wa data una ukomo wa mapendekezo wa GB 100 kwa mwezi. Kwa maktaba ya Python hizo ni nyingi mno. Kwa mradi wa C++ unaotumia Doxygen, kifaa cha kujenga nyaraka za C na C++, na michoro ya uhusiano wa madarasa, matoleo kumi yanaweza kuikaribia hiyo GB 1 mapema kuliko mnavyodhani. Punguzeni michoro kwanza.

Read the Docs

Huduma hii ipo tangu 2010 na ilijengwa kwa ajili ya kazi hii hii. Miradi ya chanzo huria hailipi. Badala yake kurasa huonyesha tangazo dogo. Faili la `.readthedocs.yaml` kwenye mzizi wa hazina ni la lazima:

```yaml
version: 2
build:
  os: ubuntu-24.04
  tools:
    python: "3.12"
sphinx:
  configuration: docs/conf.py
  fail_on_warning: true
python:
  install:
    - requirements: docs/requirements.txt
    - method: pip
      path: .
formats:
  - htmlzip
  - pdf
```

Mistari miwili ya `method: pip` na `path: .` ndiyo inayosahaulika zaidi. Autodoc ya Sphinx haisomi msimbo kama maandishi, bali huipakia moduli kikweli kisha ikauliza kila funksheni maelezo yake. Maktaba isiposakinishwa, upakiaji unaanguka, na bila `fail_on_warning` mnapata tovuti nzuri yenye ukurasa wa API mtupu kabisa. Ikiwa `bamvua` inategemea kifurushi kizito kisichosakinika huko, kitajwe kwenye `autodoc_mock_imports` ndani ya `conf.py`, na Sphinx itakiigiza.

Hapa matoleo si kazi yenu. Anwani ya `latest` hufuata tawi kuu, `stable` hufuata lebo kubwa zaidi ya toleo, na kila toleo mlilolikubali hubaki na anwani yake. Msomaji wa 1.4 anasoma sentimita, msomaji wa 2.0 anasoma mita, na wote wawili wako sahihi. Kwa maktaba inayotumiwa na watu msiowajua, sioni hoja yenye uzito kuliko hii.

Masharti ni mawili. Lebo ziandikwe kwa mpangilio unaotambulika, `v2.0.0` au `2.0.0`, lebo ya `toleo-jipya` haitaigusa `stable`. Na lebo mpya haziwashwi zenyewe mpaka mweke kanuni kwenye mipangilio ya mradi inayosema kila lebo yenye mpangilio huo iwashwe. Mradi usio na kanuni hiyo hukaa na orodha ya matoleo iliyosimama mahali pamoja, ilhali `latest` inasonga mbele na kuwapoza macho wote.

Jambo la pili linaloipa uzito huduma hii kwa wasomaji wa visiwani ni ule mstari wa `htmlzip`. Kila toleo hupata faili moja la kupakua lenye nyaraka zote. Mwanafunzi wa Chake Chake analipakua mara moja akiwa na bando la usiku, analifungua kwenye kivinjari wiki nzima bila kutumia hata MB moja, na anaweza kumpa mwenziwe kwa flashi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima, aliyekuwa na faili kama hilo aliendelea na kazi. PDF pia ipo, ila hupitia LaTeX na kurefusha ujenzi. Kama mnakaribia ukomo wa dakika 15 kwa kila ujenzi, iondoeni PDF muache `htmlzip`. Wanaotumia MkDocs wajue kuwa mafaili haya ya kupakua hutengenezwa yenyewe kwa Sphinx tu.

Kila ombi la kuunganisha pia linaweza kupata tovuti yake ya muda, mkaguzi akaona ukurasa kabla haujaingia. GitHub Pages haina hilo bila kuongeza vifaa vingine.

Kinachoharibika huku ni kamba inayounganisha hazina na huduma. GitHub hutuma ishara kila msimbo unaposukumwa. Mradi ukihamishiwa kwenye akaunti nyingine, au aliyeunganisha akapoteza ruhusa, ishara inaweza kukatika, na hakuna ujenzi unaoanguka kwa sababu hakuna ujenzi unaoanza. Ukurasa utabaki ukipendeza na ukiwa wa zamani. Dawa ni kuandika tarehe kwenye kila ukurasa, `html_last_updated_fmt = "%d/%m/%Y"`, na kuitoa namba ya toleo kwenye kifurushi kilichosakinishwa:

```python
from importlib.metadata import version
release = version("bamvua")
```

GitLab Pages

Kwa aliyeko GitLab hakuna sababu ya kuhama. Kazi kwenye `.gitlab-ci.yml` iitwe `pages` na matokeo yatiwe kwenye folda ya `public`. Folda ikiitwa jina jingine bila kulitaja, kazi itapita na tovuti haitaonekana. Mpango wa bure wa gitlab.com una dakika 400 za mashine kwa mwezi, na akaunti mpya inaweza kudaiwa uthibitisho wa simu au kadi ya benki kabla ya kuendesha chochote. Kwa mwanafunzi asiye na kadi hicho ni kizuizi cha kweli, kwa hiyo kijaribuni kabla ya kuhamishia mradi huko.

Seva yenu wenyewe

Seva iliyo ofisini Mjini au Wete haifai kuwa makao makuu ya nyaraka za mradi unaosomwa na dunia. Umeme wa visiwa vyetu hupita chini ya bahari. Kati ya Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme wa gridi, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 takriban miezi mitatu. Kebo mpya ya Unguja iliingia 2013, na Pemba iliunganishwa kupitia Tanga 2010, hali ni nafuu sana sasa. Hata hivyo nyaraka za API husomwa usiku wa manane na mtu aliye bara jingine, na jenereta haliwashwi kwa ajili yake. Seva ya kukodi nje huondoa tatizo la umeme na kuleta mengine: masasisho ya usalama, ada ya kila mwezi anayoilipa mtu mmoja kwa kadi yake, na cheti cha Let's Encrypt kinachoisha kila siku 90.

Seva ya ndani inafaa sana kama nakala ya karibu. Maabara ya skuli au chuo yenye kompyuta 30 na intaneti nyembamba inaweza kuwa na mashine moja ndogo inayowapa wote nyaraka kupitia mtandao wa ndani. Hati yake ni fupi:

```sh
set -e
cd /srv/bamvua
git pull --ff-only
M=/srv/nyaraka/$(date +%Y%m%d%H%M)
/srv/venv/bin/pip install -q .
/srv/venv/bin/sphinx-build -W -b html docs "$M"
ln -sfn "$M" /srv/nyaraka/sasa
```

Seva ya wavuti ielekezwe kwenye `/srv/nyaraka/sasa`. Kwa kuwa `set -e` husimamisha hati kwenye kosa la kwanza, ujenzi ukianguka kiungo hakibadiliki na wasomaji wanaendelea na nakala ya jana. Njia za programu ziandikwe kikamilifu, kwa sababu cron, programu inayoiendesha hati hii kwa ratiba, huendesha kazi bila mazingira uliyonayo ukiandika amri kwa mkono. Na folda za zamani zifutwe kila mwezi, la sivyo diski itajaa.

| | GitHub Pages | Read the Docs | GitLab Pages | Seva ya ndani |
|---|---|---|---|---|
| Kuanza | faili moja na mpangilio mmoja | faili moja na kuunganisha akaunti | faili moja | siku nzima |
| Matoleo ya zamani | mnatunza wenyewe | yamo | mnatunza wenyewe | mnatunza wenyewe |
| Kupakua na kusoma nje ya mtandao | mnatengeneza | yamo kwa Sphinx | mnatengeneza | haihitajiki ndani ya jengo |
| Kuona kabla ya kuunganisha | hakuna | yamo | kwa kuongeza usanidi | hakuna |
| Matangazo | hakuna | yapo | hakuna | hakuna |

Yanayoharibika popote mtakapochagua

Fungeni namba za Sphinx, mandhari na viongezo kwenye `docs/requirements.txt`. Zikiachwa wazi, siku moja Sphinx mpya itatoka, mandhari haijaifuata, na ujenzi uliopita jana utaanguka leo bila nyinyi kugusa kitu.

Kujengwa upya hakuthibitishi ukweli. Mfano ulioandikwa kwenye dokstringi miaka miwili iliyopita utachapishwa kwa uaminifu kila siku ukiwa na makosa yake. `sphinx-build -b doctest docs _jaribio` huendesha mifano na kulinganisha majibu, mradi kiongezo cha `sphinx.ext.doctest` kimewashwa. Laiti `kina_cha_maji` ingekuwa na mfano mmoja unaoonyesha 380, siku iliyogeuka 3.8 ujenzi ungekataa. Amri hii iwekwe kwenye ukaguzi wa kila ombi la kuunganisha, pamoja na ujenzi wa HTML bila hatua ya kuchapisha.

Ratiba ya usiku ni nzuri kwa kukagua viungo vilivyokufa, `-b linkcheck`, lakini msiitegemee kuchapisha. Actions huhesabu saa kwa UTC: `17 21 * * *` ni saa sita na dakika 17 usiku Zanzibar. Mwanzo wa saa huwa na foleni, ndiyo maana ya hiyo 17. Na kwenye hazina ya wazi isiyoguswa kwa siku 60, ratiba huzimwa.

Ruhusa za usimamizi ziwe kwa watu wawili angalau, GitHub na Read the Docs pia. Mwanafunzi wa SUZA aliyeanzisha mradi atamaliza chuo, atapata kazi Dar es Salaam, na neno la siri litakwenda naye.

Uchaguzi

Maktaba ya Python yenye matoleo yanayotumika kwa wakati mmoja, au yenye wasomaji wanaohesabu bando: Read the Docs, na tangazo lile dogo livumilieni. API ya HTTP yenye toleo moja linaloishi, mradi wa C++ wa Doxygen, au tovuti inayochanganya nyaraka na kurasa nyingine: GitHub Pages. Maabara yenye intaneti nyembamba: moja kati ya hizo mbili kwa dunia, na nakala ya ndani kwa waliomo. Kwa `bamvua` jibu ni Read the Docs, maana sentimita na mita zitaendelea kuishi pamoja kwa muda mrefu.

Mkimaliza, badilisheni neno moja ndani ya dokstringi, si kwenye `docs/`, muunganishe, kisha mfungue ukurasa kwa simu yenye bando lake, si kwenye kompyuta iliyojenga. GitHub Pages huruhusu kivinjari kushika nakala kwa dakika 10, kwa hiyo subirini hizo kabla ya kuanza kutafuta kosa. Neno la zamani likiwa bado lipo baada ya hapo, tazameni kwanza kama ujenzi ulianza, ndipo mtazame kama ulianguka.